Mti wa Mmoja si Msitu: Somo la Historia kwa Wakulima wa Kate

Julai iliyopita nilikwenda Kate, wilayani Nkasi, kumsalimu mjomba wangu. Wanaoijua Ufipa wanaujua upepo wa mwezi ule: baridi kavu isiyo na huruma, inayovuka nyasi za uwanda wa juu pasipo mti wa kuizuia. Nilimkuta mzee ameketi juu ya kisiki pembezoni mwa shamba lake la ekari moja. Mara ya mwisho nilipopita pale palikuwa na misindano, ile ambayo wengi huiita paina, imesimama kwa mistari iliyonyooka. Sasa palikuwa na visiki, matawi makavu na unga wa mbao.

Aliipanda miti ile kwa mikono yake, akaipalilia, akailinda na moto kwa miaka kumi. Mwaka wa kumi mjukuu wake alipata nafasi ya chuo, fedha ikahitajika ndani ya wiki mbili, akatokea mnunuzi. Mnunuzi yule hakupima mti hata mmoja. Alizunguka shamba mara moja, akataja bei ya ekari nzima, mjomba akaipandisha kidogo, wakapeana mikono. Baada ya siku chache ikaja mashine ndogo ya kupasulia mbao, na kelele zake zilipokoma mzee alijua kwamba ameuza kwa hasara. Aliziona mbao zilivyopangwa, akazihesabu.

Nikamwuliza, kwa sauti ya mtu aliyesoma vitabu: “Mjomba, majirani nao wana miti. Kwa nini hamkuungana mkauza kwa pamoja?”

Akanitazama. “Kuungana? Ushirika, mjomba? Ule uliochukua mahindi yetu kwa stakabadhi, na stakabadhi zikaishia kuwashia moto?”

Sikuwa na jibu la haraka. Makala haya ni jibu langu lililochelewa. Nayaandika kwa ajili yake, lakini pia kwa ajili ya wanafunzi wangu, wanaharakati na watumishi wa umma wanaopita hapa, kwa sababu swali la mzee yule si la Kate peke yake. Ni swali la historia: je, mkulima wa Tanzania, aliyekwisha kuumizwa na ushirika, ana sababu yoyote ya kuurudia ili afaidike na miti yake? Nadhani anayo. Lakini lazima kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo kwa nusu karne tumeyachanganya: kumiliki kwa pamoja na kufanya kazi kwa pamoja.

Ufipa ya chuma na matuta

Tuanze nyumbani. Mtu anayedhani kwamba ushirikiano ni fundisho lililoletwa Ufipa na serikali au na misheni hajaitazama nchi hii vizuri. Katika Nkasi na maeneo ya jirani yamesimama mabaki ya matanuri marefu ya udongo yaliyotumiwa na Wafipa kuyeyusha chuma. Watafiti, kuanzia Roy Willis hadi Profesa Bertram Mapunda, wameyaandika kwa kina. Mwaka 1937 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maelezo ya kazi hiyo, wakati ambapo majembe ya kigeni yalikwisha kujaa madukani.

Tanuri la Kifipa halikuwa kazi ya mtu mmoja. Walihitajika wa kuchimba mawe ya chuma, wa kukata miti na kuchoma mkaa, wa kufinyanga kuta za tanuri, wa kupika chakula cha kambi, na fundi mkuu aliyeshika ujuzi na miiko. Lakini angalieni jambo hili: kila mmoja alijua mchango wake na fungu lake. Jembe lililotoka katika kazi ile lilikuwa mali ya mtu. Aliweza kulilimia, kuliuza au kulitoa mahari. Kazi ilikuwa ya pamoja, pato lilikuwa la kila mwenye haki nalo.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa matuta. Mfipa hulima kwa kufukia majani chini ya matuta ya mviringo, yaitwayo intumba, ili yaoze na kuirutubisha ardhi. Ni kilimo cha mboji kilichokuwapo kabla wataalamu hawajakipa jina. Kazi hiyo nzito ilifanywa mara nyingi kwa kualikana: mwenye shamba huandaa pombe, majirani huja na majembe, kesho huhamia shamba la mwingine. Hakuna aliyedai kwamba kwa kulima pamoja shamba limekuwa la wote.

Historia hiyohiyo ina upande wake mchungu. Tanuri lilikula mkaa, na mkaa ni mti. Moto wa kila kiangazi, malisho, kilimo na mkaa vimechangia, kila kimoja kwa kiasi chake, kuufanya uwanda wa Ufipa uwe nchi ya nyasi, huku misitu ikibaki katika milima kama Mbizi juu ya mji wa Sumbawanga, mabondeni, na katika miteremko inayoshuka kuelekea Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo mtu anayepanda miti Kate leo anarudisha deni la zamani. Swali ni kwamba, katika kulirudisha, je, yeye mwenyewe atapata chochote?

Msitu wa serikali, mkulima mtuhumiwa

Utawala wa Wajerumani ulitunga sheria ya kulinda misitu mwaka 1904. Waingereza wakafuata na sheria yao mwaka 1921. Tofauti zilikuwapo, lakini msingi ulikuwa mmoja: msitu wenye thamani ni wa dola, na mwanakijiji anayeuingia na shoka ni mhalifu hadi athibitishe vinginevyo. Bwana misitu akawa mtu wa kukamata, si mtu wa kufundisha. Uhuru ulipokuja tulibadilisha bendera. Uhusiano huo hatukuubadilisha upesi.

Serikali huru ilifanya jambo kubwa lenye faida hadi leo: ilipanda. Shamba la Sao Hill, Mufindi, lililoanza kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1930, lilipanuliwa sana katika miaka ya 1960 na 1970 hadi kuwa shamba kubwa kuliko yote ya miti nchini. Lakini katika shamba la serikali mwanakijiji alikuwa kibarua. Alijifunza kupanda, kupogoa na kupunguza miti; soko hakufundishwa.

Kisha ikaja miaka ya vijiji. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na kufikia 1976 mamilioni ya Watanzania walikuwa wamehamishwa. Katika mkondo huohuo, na katika kampeni kama ile ya Misitu ni Mali ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijiji vilihimizwa kuwa na shamba la miti la kijiji. Nia ilikuwa njema. Matokeo katika sehemu nyingi yanajulikana: miche ilipandwa siku ya sherehe, kiongozi akapigwa picha, mvua ikapita, mbuzi wakaja. Shamba lilikuwa la wote, na kwa hiyo hapakuwa na aliyeamka usiku moto ulipoonekana. Hata pale miti ilipokua, mwanakijiji hakujua fungu lake ni lipi wala nani ataamua iuzwe lini.

Hapo ndipo mkanganyiko wetu ulipozaliwa. Tuliwaambia watu kwamba kushirikiana ni kukabidhi mali yako kwa wote, na kwa wengi “wote” ilimaanisha ofisi. Babu zao wa matanuri wangetushangaa.

Ushirika ulikozaliwa na ulikovunjwa

Turudi kwenye stakabadhi za mjomba. Ushirika wa wakulima wa nchi hii ulianzia kwa wakulima wenyewe. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao, kwa sababu walowezi hawakutaka Mwafrika alime kahawa na kwa sababu mmoja mmoja wasingeweza kupambana na magonjwa ya mibuni wala na wanunuzi. Baada ya sheria ya vyama vya ushirika ya 1932, chama hicho kiliundwa upya mwaka 1933 kuwa KNCU. Kanda ya Ziwa, wakulima wa pamba walianza na jambo dogo kabisa: mizani. Walishuku kwamba wanapunjwa kwenye uzito, wakataka wawe na watu wao wa kusimamia upimaji. Kutokana na madai hayo ya mizani vilikua vyama ambavyo mwaka 1955 viliungana, Paul Bomani akiwa kiongozi wao mashuhuri, katika shirikisho kubwa la vyama vya pamba.

Naomba msomaji aishike habari hiyo ya mizani. Tutairudia.

Historia hiyo haikuwa safi tangu mwanzo. Mwaka 1937 zilitokea ghasia Moshi, wakulima wakipinga kulazimishwa kuuza kahawa yote kupitia KNCU. Somo lilikuwa wazi: ushirika wa lazima hupoteza moyo wa ushirika. Hatukulisikia. Baada ya uhuru vyama vilianzishwa kwa kasi hata mahali ambapo hapakuwa na wakulima walioviomba. Mwaka 1966 Kamati ya Mhaville, iliyoundwa na Rais, ilichunguza malalamiko ikakuta uzembe, wizi na wanachama wasiojua haki zao. Dawa iliyofuata haikuwa kumpa mwanachama nguvu zaidi, bali kuipa serikali nguvu zaidi. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi zao zikapewa vijiji na mashirika ya umma. Vilirudishwa kwa sheria ya 1982, lakini vilirudi kutoka juu, vikiwa vimefungamanishwa na chama tawala. Ilibidi kungoja sheria ya 1991 ndipo uhiari na uhuru wa chama cha ushirika utambuliwe, na baadaye sheria ya 2013 iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Kwa Rukwa, miaka ile ilikuwa na ladha mbili. Bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, iliyowekwa katikati ya miaka ya 1970, ilimfaa mkulima wa mbali: Shirika la Usagishaji lilimlipa wa Ufipa sawa na wa karibu na Dar es Salaam, gharama ya lori ikabebwa na taifa. Ndiyo sababu Rukwa iliingia katika mikoa minne iliyosifiwa kwa kulisha nchi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Lakini malipo yalichelewa, na marekebisho ya uchumi yalipoiondoa bei ile pamoja na ruzuku ya mbolea, umbali wote ukamwangukia mkulima peke yake. Mjomba wangu alikuwa kijana wakati huo. Anapolisikia neno ushirika hakumbuki 1925. Anakumbuka kusubiri malipo.

Kwa hiyo namjibu hivi: Mjomba, uliowaumiza haukuwa ushirika wa wakulima. Ulikuwa umejivika jina lake. Ushirika wa kweli wa nchi hii ulizaliwa pale wakulima walipotaka kuishika mizani wao wenyewe, na uliharibika kila mara mizani ilipochukuliwa na mtu mwingine, awe mfanyabiashara au afisa.

Vijiji vilivyojaribu tena

Kama historia ingeishia hapo, ningeifunga kalamu. Lakini tangu miaka ya 1990 yametokea mambo ambayo hayajafundishwa vya kutosha madarasani.

Babati, mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilikusudia kuufanya msitu wa Duru-Haitemba kuwa hifadhi yake. Vijiji vinane vilivyouzunguka vilikataa. Baada ya mvutano, vikaruhusiwa kuusimamia vyenyewe, vikajitungia kanuni na kuweka walinzi wao. Msitu uliokuwa ukimalizika ukaanza kurudi. Uzoefu huo na mingine ya aina yake ndio uliosaidia kuzaa Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002, ambazo, pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, zinakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake kisheria na kuvuna kwa mpango.

Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi ulioanza mwaka 1986 ulifanikiwa pale ulipoacha kuhubiri na kuanza kusikiliza. Wasukuma walikuwa na ngitili, eneo linalofungwa ili majani na miti vikue kwa ajili ya kiangazi. Nyingi zilipotea watu walipohamishiwa vijijini. Ziliporudishwa, nyingine zikiwa za kaya na nyingine za jumuiya, makumi ya maelfu ya hekta yalipata miti tena. Kila mtu alijua ngitili ipi ni ya nani.

Kilwa, vijiji kama Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009, chini ya cheti cha kundi kilichosimamiwa na shirika la uhifadhi wa mpingo, uthibitisho wa kimataifa wa FSC kwamba msitu wao unavunwa kwa uangalifu. Kijiji kimoja kisingemudu gharama za ukaguzi wa namna hiyo, kundi liliweza. Mpingo uliokuwa ukiondoka usiku kwa bei ya kutupa ukaanza kuuzwa mchana, kwa kupimwa, na fedha zikaingia katika akaunti ya kijiji.

Na jirani zetu kabisa, katika Wilaya ya Tanganyika, eneo lililokuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa kabla Katavi haijawa mkoa mwaka 2012, vijiji vinane vya milima ya Ntakata vimeungana kulinda msitu na kuuza hewa ya ukaa kwa ushirikiano na kampuni ya Carbon Tanzania. Vimepata mabilioni ya shilingi, ambayo yamejenga madarasa na zahanati. Mtu anaweza kuwa na mashaka yake juu ya biashara hiyo, nami ninayo: sipendi soko ambalo bei yake hupangwa mbali na macho ya muuzaji. Lakini hakuna kijiji kimoja ambacho kingeweza kuifikia meza ile kikiwa peke yake.

Hesabu ya moto, ya shina na ya lori

Mifano hiyo ni ya misitu ya asili. Mjomba ana ekari moja ya miti ya kupanda. Yeye afanye nini? Hapa mfano wa karibu ni Iringa na Njombe, ambako wakulima wadogo wamepanda misindano na mikaratusi kwa wingi. Kwa msaada wa Finland, Programu ya Panda Miti Kibiashara iliyoanza mwaka 2014 ilisaidia kuunda vyama vya wakulima wa miti zaidi ya 100, na vyama hivyo vikazaa umoja wao wa kitaifa, TTGAU. Katika vyama hivyo mti unabaki kuwa wa mwenyewe. Kinachofanywa kwa pamoja ni kutafuta mbegu bora, kupata mafunzo, kuzuia moto na kutafuta soko.

Si ajabu kwamba msaada huo ulitoka Finland. Huko sehemu kubwa ya misitu ni ya familia, na baadhi ya viwanda vikubwa vya mbao na karatasi vimo mikononi mwa ushirika wa wenye misitu. Sweden nako, wenye misitu wa kusini waliunda mwaka 1938 ushirika uitwao Södra, ambao leo una wanachama takriban 50,000 na viwanda vyao wenyewe. Walianza kama mjomba: kila mmoja na kipande chake, kila mmoja akipangiwa bei na mnunuzi.

Sasa tufanye hesabu tatu zisizohitaji shahada.

Ya kwanza ni ya moto. Hekta moja yenye pande sawa ina mzunguko wa mita 400. Wakulima 100 wenye hekta moja moja, kila mmoja mahali pake, wanahitaji kufyeka jumla ya kilomita 40 za kuzuia moto. Wakikubaliana kupanda kwa kupakana, hekta 100 katika mraba mmoja, mzunguko wa nje ni kilomita 4. Kila mkulima aliyetakiwa kufyeka mita 400 sasa anafyeka 40. Hata wakiongeza njia za ndani ili moto ukiingia usilichukue shamba lote, bado wamejipunguzia kazi sana. Ufipa, nchi ya nyasi na upepo, hii ndiyo hesabu ya kwanza.

Ya pili ni ya shina. Mti wenye kipenyo cha sentimita 30 hauna mbao mara mbili ya ule wa sentimita 15. Uso wa shina lake ni mara nne, na kwa kuwa pia ni mrefu zaidi, ujazo wake unapita mara nne. Ndiyo maana anayeuza msindano wa miaka 10 anapoteza sehemu nono ya kazi yake. Serikali katika mashamba yake huusubiri kwa muda mrefu zaidi. Lakini mjomba hakuuza kwa kutojua hili. Aliuza kwa sababu ada haingoji mti unenepe. Tatizo lake lilikuwa fedha ya haraka, na dawa yake ni chama cha akiba na mikopo kinachoweza kumkopesha mwanachama kwa dhamana ya miti yake, au kikundi kinachoweza kuinunua miti ile michanga kwa bei ya haki na kuisubiri. Chama kisicho na mfuko kitaishia kuwa na mikutano mizuri na miti michanga iliyouzwa.

Ya tatu ni ya lori na mizani. Ukipanda kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, ekari moja hubeba miti 450 hivi. Mnunuzi wa mbali haleti lori na mashine hadi Kate kwa ajili ya ekari moja, isipokuwa bei iwe ya kumlipa usumbufu wake. Wakulima 30 wanaovuna msimu mmoja wanaweza kumwita yeye na mshindani wake pia. Na kabla hawajaja, chama kiwe na watu wake watatu au wanne waliofundishwa kupima kipenyo na urefu na kukadiria ujazo, ili kiuzwe kinachojulikana. Futi ya kupimia, daftari na kijana aliyemaliza kidato cha nne: hiyo ndiyo mizani ya wakulima wa pamba, imerudi kwa sura nyingine.

Tusirudie makosa

Nitakuwa mwalimu mbaya nikiacha kusema hatari zake.

Moja, ardhi. Kwa mila za sehemu nyingi, kupanda mti ni kuweka alama ya umiliki wa kudumu. Kwa hiyo wanawake na vijana, wanaolima ardhi wasiyohesabiwa kuwa wamiliki wake, huzuiwa kupanda au hunyang’anywa baadaye. Chama kinachoandikisha wanachama kwa jina la mwenye shamba tu kitakuwa chama cha wazee wa kiume. Hati za kimila ziandikwe kwa majina ya mume na mke, na vijana watengewe nafasi yenye mipaka inayojulikana.

Mbili, sisi wenyewe, watumishi wa umma na wasomi. Tumezoea kununua ardhi kijijini, kupanda miti na kuilinda kwa simu. Kila ekari tunayoinunua kwa bei ya shida ni ekari ambayo mtoto wa kijiji hatakuwa nayo. Kama tunataka miti, tuikodi ardhi kwa mkataba wa wazi unaosomwa mbele ya mkutano wa kijiji, au tuwe wanachama wa kawaida wenye kura moja kama wengine.

Tatu, maji na chakula. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni na kwenye vyanzo vya maji. Mkaratusi hunywa sana; usipandwe penye chemchemi. Wala ekari ya intumba yenye rutuba isigeuzwe msitu kwa sababu tu semina imepita. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji utangulie mche. Katika miaka miwili ya mwanzo maharage yanaweza kulimwa kati ya mistari, na katika misitu ya asili ya miteremko mizinga ya nyuki iwekwe, ili mwenye kusubiri mti apate kula akiwa anasubiri.

Nne, na hili nawaambia maafisa kwa heshima: msikianzishe chama chao. Wasaidieni kukisajili wakikiomba, wakaguliwe hesabu kila mwaka, na taarifa isomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya wanachama. Historia ya 1937, ya 1966 na ya 1976 ni ileile ikijirudia: kila tulipowafanyia watu ushirika wao, tuliuua.

Kabla sijaondoka Kate nilimsimulia mjomba habari ya wakulima wa pamba na mizani yao. Alinyamaza muda, akauliza swali moja tu: “Na walipoishika mizani, ile pamba ilikuwa ya nani?”

Nikamjibu: “Ya kila mmoja na yake, mjomba.”

Akainuka kutoka kwenye kisiki, akaniambia kwamba mvua za Novemba zikianza atapanda tena, na kwamba jirani yake wa upande wa mashariki, mama mjane mwenye robo tatu ya ekari, naye anafikiria kupanda. Wamekubaliana kupanda kwa kupakana, na kufyeka njia moja ya moto badala ya mbili. Si chama bado. Hakina jina wala muhuri. Lakini ndivyo vyama vyote vya kweli vya nchi hii vilivyoanza: watu wawili au watatu wenye mali zao, waliogundua kwamba hatari yao ni moja.

Wanafunzi wangu mnaotafuta mada za tasnifu, nendeni mkawasikilize watu wa namna hii kabla hamjaandika sura ya kwanza. Nanyi mlio ofisini, mtakapofika Kate na miche yenu, waulizeni kwanza wamekubaliana nini.